Windows ya kupiga au Linux? Ulinganisho kwa mwenye laptopu ya mtumba Dar

Ukinunua laptopu ya mtumba Kariakoo, muuzaji hakuulizi habari za leseni. Anakuuliza unataka Windows 10 au 11, anachomeka flashi yake, na soda yako haijaisha mashine imeshapigwa Windows, Office, hata Photoshop ambayo hukuiomba. Ndiyo maana ulinganisho mwingi wa Windows na Linux hautusaidii sana hapa mjini. Huanza na bei: hii inauzwa, ile ni bure. Microsoft wanaiuza Windows 11 Home kwa dola 139, lakini nani mtaani kwako amewahi kuilipia? Kwa mtu wa Dar zote mbili ni za bure, kwa hiyo akiambiwa "hamia Linux, haina gharama" anabaki anajiuliza gharama gani hiyo inayosemwa.

Hapa nalinganisha vitu tulivyo navyo kweli. Upande mmoja Windows ya fundi, ile iliyochakachuliwa. Upande wa pili Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, unaokaa mahali pa Windows na ambao ni wa bure kihalali. Windows halali nitaitaja pale inapobadilisha hesabu. Ninachotazama ni kwamba ukishatoka dukani, kila moja inakuja kukudai wapi.

## Mashine yako iko kundi gani

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10. Mashine haikuzimika siku hiyo na haitazimika, ila viraka vya usalama, yaani masasisho ya kuziba mianya ya wadukuzi, vimekoma. Uko mwaka mmoja wa nyongeza, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila kulipa ukikubali kuhifadhi mipangilio ya mashine yako kwenye akaunti ya Microsoft. Baada ya hapo, basi.

Njia ya kwenda Windows 11 kwa mashine nyingi za mtumba imefungwa. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM kuanzia GB 4, diski kuanzia GB 64, na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha chache sana. Ukileta masharti hayo kwenye meza za Kariakoo, HP EliteBook 840 G3 na G4 hazimo, G5 imo. ThinkPad T470 haimo, T480 imo. Dell Latitude 7480 haimo, 7490 imo. Kabla ya kutoa hela fungua taarifa za mashine usome namba ya prosesa: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-7300U cha 7, i5-8350U cha 8. Kwa sisi tusionunua leseni, tofauti ya bei kati ya G4 na G5 ndiyo bei ya Windows 11.

Fundi atakwambia "hiyo naiweka tu." Ni kweli, anaiweka. Programu ya Rufus inaruka ukaguzi wa TPM na prosesa, na Windows 11 inatulia kwenye G3 bila matata. Shida inakuja mbele: Microsoft hawajaahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo, na toleo kubwa la kila mwaka kwa kawaida halijileti lenyewe, kwa hiyo utarudi kwa fundi kupiga upya. Kama una Core 2 Duo ya zamani, Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 haitawaka kabisa, kwani inataka maagizo ya prosesa ambayo chipu zile hazina.

Linux haina orodha hiyo. Linux Mint 22, moja ya Linux zilizopo, iliyotoka Julai 2024 na itakayohudumiwa hadi 2029, inakaa kwenye G3, inakaa kwenye T440, inakaa hata kwenye Latitude E6420 ya mwaka 2011. Kuhusu wepesi, nisikudanganye. Linux yenyewe ni nyepesi, ila Chrome ni ileile na ukurasa wa YouTube unakula RAM ileile. Kwenye GB 4 utaona nafuu. Kwenye GB 2 nafuu ni ya kuwasha tu. Ukifungua kivinjari, mambo yanarudi kulekule. Na kama mashine bado ina diski ya zamani ile inayozunguka, nunua SSD kwanza, habari za mfumo tutazungumza baadaye. Hakuna mfumo utakaoiokoa diski hiyo.

## Linux ipi

Kiini cha Linux alianza kukiandika Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Helsinki, akakiacha wazi: mtu akisome, akibadilishe, akigawe. Simu za Android zimejengwa juu ya kiini hichohicho, kwa hiyo abiria wengi wa mwendokasi wameshika Linux mkononi bila kujua. Kwa kompyuta, watu mbalimbali wamekifungasha kwa namna yao: Debian tangu 1993, Ubuntu ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini tangu 2004, Mint tangu 2006, Zorin ya Waairishi, na nyingine chungu nzima.

Watu wanapoteza siku nyingi hapa bila sababu. Kama unatoka Windows na unaishi kwa bando, chukua Mint. Menyu iko kona ya chini kushoto, saa iko kulia, folda ziko mahali unapotarajia. Sababu kubwa zaidi inafuata.

## Bando

Windows, iwe halali au ya fundi, hujishushia masasisho yenyewe. Pana mahali pa kuiambia kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, lakini unaiambia kwa kila mtandao, na hotspoti ya simu ukiibadilisha jina inahesabika mpya. Mtu anajiunga bando la wiki, anawasha hotspoti atume barua pepe moja, anakwenda kuchukua chai, akirudi anakuta ujumbe kwamba bando lake limekwisha. Ndiyo maana mafundi wengi huyazima masasisho moja kwa moja. Bando linapona, viraka vya usalama vinakosekana, na mwenye mashine hajui kwamba ameingia kwenye mabadilishano hayo.

Kwenye Mint kuna alama ya ngao pembeni ya saa. Yakiwepo masasisho, ngao inapata kidoa. Ukiibofya inakuletea orodha: hiki ni kivinjari, hiki ni kiini, hiki ni LibreOffice (Office ya bure inayokuja na Mint), na chini kabisa jumla ya MB zitakazoshushwa. Haishushi masasisho yenyewe mpaka ubonyeze. Unaweza kuchagua ya usalama tu ukayaacha mengine, ukangoja bando la usiku au Wi-Fi ya ofisini. Ubuntu, kwa uzuri wake wote, haikupi raha hiyo: hujishushia masasisho ya usalama yenyewe, na Firefox yake inakuja kwa mfumo wa snap unaojisasisha bila kuuliza. Vinazuilika, lakini mgeni hajui pa kuzuilia.

Ila siku ya kwanza jiandae. Faili la Mint lenyewe ni karibu GB 3, na baada ya kuiweka kuna masasisho ya kwanza ambayo ni mzigo mwingine. Mwenye nayo akikupa kwenye flashi, pokea. Kugawiana Linux ni halali kabisa, hapo ndipo ilipoachana na ile ya fundi.

## Uchakachuaji unavyokudai

Ukipata nafasi ya kukaa na fundi, mtazame mikono. Kwanza anazima ulinzi wa Windows, kwa sababu ungeikamata programu yake ya kuwezesha leseni na kuifuta. Kisha anaiendesha. Kisha anaingia kwenye mipangilio na kuandika kwamba folda fulani isikaguliwe tena. Programu hiyo kaitoa wapi? Kwa fundi mwenzake, aliyeitoa kwenye kundi la Telegram, na zaidi ya hapo hakuna ajuaye. Kazi inafanya: inaidanganya Windows kwamba iko ndani ya kampuni yenye leseni za pamoja. Uwezeshaji wa namna hiyo hudumu siku 180, sharti uhuishwe, kwa hiyo ile programu inabaki ndani ya mashine yako ikiwa na mamlaka yote. Ikishindwa kuhuisha, maandishi ya kijivu ya kudai leseni yanaota kona ya chini kulia, na wewe unarudi kwa fundi.

Ni sawa na kumwachia funguo za nyumba mtu aliyekuja kutengeneza kitasa. Huenda ni mwaminifu. Lakini kwenye mashine hiyohiyo unaingia benki, unaingia barua pepe, unahifadhi skani ya kitambulisho cha NIDA.

Kwa ofisi lipo na jambo la pili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda muziki. Asasi inayokaguliwa na wafadhili, au kampuni inayoomba zabuni, haina sababu ya kubeba hatari hiyo. Hapo uchaguzi unabaki kati ya Windows ya kulipia na Linux, na bei ambayo mtaani haikuwa na uzito inaanza kuwa nayo: kompyuta kumi mara dola 139, kabla hujaigusa Office.

## Flashi ikirudi kutoka steshenari

Umepeleka flashi kuprinti kazi, umerudi nyumbani, umeichomeka. Folda zote zipo, ila kila moja ina mshale mdogo kwenye kona, na ukitazama ukubwa ni KB moja au mbili. Unabofya "Picha za harusi," inafunguka kama kawaida, unaona mambo shwari. Kumbe umeshakiendesha kirusi. Ile yenye mshale ni njia ya mkato inayoita hati fulani ya maagizo kwanza, kisha ndipo inafungua folda yako ya kweli, ambayo kirusi kimeipa alama ya "fiche" ili usiione. Flashi yoyote nyingine utakayoichomeka baada ya hapo nayo inaambukizwa.

Flashi hiyohiyo ichomeke kwenye Linux. Utaona vyote kwa pamoja: vifaili vya mkato vyenye kiishio cha .lnk, hati ya .vbs au .js imekaa pembeni, na folda zako halisi ziko wazi, maana Linux haiijali ile alama ya "fiche" ya Windows. Mara nyingine folda zote zimekusanywa ndani ya folda moja isiyo na jina, jina lake ni nafasi tupu tu. Ifungue, kazi yako imo humo. Hamisha vya kwako, futa vingine, umemaliza. Kirusi chenyewe hakiwezi kuendeshwa hapo kwa sababu kimeandikiwa Windows. Mwenye steshenari angekuwa na mashine moja tu ya Linux ya kupokelea flashi za wateja, mtaa mzima ungepumua.

Hii haina maana kwamba Linux ni ngome. Kiunga cha ulaghai kinachojifanya benki yako kinakuibia nywila kwenye mfumo wowote ule. Na virusi vya Windows unaweza kuvibeba kwenye flashi ukavifikisha kwa wenzako bila wewe kuumia.

## Word dhidi ya LibreOffice

Wengi wanaorudi Windows hurudishwa na fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft, hazimo kwenye Linux. LibreOffice inaweka badala yake Carlito na Caladea, ambazo upana wa herufi zake umepimwa ulingane, kwa hiyo mistari haihami. Times New Roman inashikiwa nafasi na Liberation Serif kwa mtindo huohuo. Kwa barua na wasifu wa kuombea kazi hutaona tofauti. Kwa tasnifu ya kurasa mia yenye majedwali na orodha ya yaliyomo, utaiona: jedwali limevukia ukurasa wa pili, namba za Kirumi za kurasa za mwanzo zimegoma kuishia pale zilipoishia, na msimamizi akirudisha faili lenye maoni pembeni, mpangilio umeyumba tena. Times New Roman yenyewe na Arial unaweza kuziongeza bila malipo kwa kifurushi kiitwacho ttf-mscorefonts-installer. Calibri haimo humo.

Ushauri wangu kwa mwanachuo: kama hati ni yako mwanzo hadi mwisho na unaiwasilisha kwa PDF, LibreOffice inakutosha. Kama inazunguka kati yako na watu wenye Word, tumia Word ya kwenye kivinjari, ambayo Microsoft wanaitoa bure kwa mwenye akaunti, ujue tu kwamba inakula bando. Na ukiwa umebakiza wiki mbili kuwasilisha tasnifu, usihame. Subiri mahafali.

Kwa Excel, jedwali la kawaida na hesabu za kawaida zinakwenda. Makro, yale maagizo yanayojiendesha ndani ya faili, ndizo LibreOffice mara nyingi haizielewi. Kila ofisi ina lile faili la mishahara lililoandikwa na mhasibu aliyekwishaacha kazi, na hakuna anayejua linavyofanya kazi ndani. Faili hilo liache Windows, usiliguse.

Upande wa Kiswahili LibreOffice ina historia ya nyumbani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitafsiri OpenOffice, ambayo ndiyo iliyokuja kuzaa LibreOffice mwaka 2010, na toleo hilo likaitwa Jambo OpenOffice. Leo LibreOffice ina kikagua tahajia cha Kiswahili cha Tanzania. Kwenye Mint tafuta kifurushi cha hunspell-sw. Kinakosa maneno mengi, ila kwa mwalimu au mwandishi kuona mistari myekundu chini ya makosa tu, badala ya chini ya kila neno, ni faraja.

## Programu zisizohama

Hapa ndipo pa kuamua, na ningependa kila mtu aanzie hapa kabla ya kusikiliza mapenzi ya mtu yeyote kwa mfumo wowote. Andika programu ambazo bila hizo huingizi hela. Zikiwemo hizi, Linux si mahali pako kwa sasa: Tally au QuickBooks ya kwenye mashine, AutoCAD, ArchiCAD, ArcGIS Pro, Photoshop na Illustrator, na CorelDRAW ambayo wachapaji wa mabango na fulana hapa mjini wanaiishi. Mtayarishaji wa muziki anayetumia FL Studio na DJ wa singeli anayepiga kwa Virtual DJ wamo kundi hilohilo. Wapenzi wa Valorant, Fortnite na EA FC za karibuni nao wamo, kwa sababu ulinzi wa michezo hiyo dhidi ya udanganyifu hauikubali Linux.

Ipo Wine, inayoendesha programu za Windows juu ya Linux, na kwa vijiprogramu vya zamani inashangaza. Kuitegemea kwa Photoshop mpya au AutoCAD ya mwaka huu ni kujitafutia presha.

Mwenye duka aongeze swali moja: programu yake ya mauzo inayozungumza na mashine ya risiti ya EFD imeandikwa kwa ajili ya nini? Zipo za Windows tu. Amuulize aliyemuuzia, asibahatishe.

Kuna kazi ambazo hali ni kinyume. Anayejifunza kuandika programu atakuta Python, PHP na Node zinakaa Linux kwa urahisi kuliko Windows, na seva atakazokutana nazo kazini nyingi ni Linux. Wa ramani ana QGIS. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015 kuchora maeneo ya Dar yanayokumbwa na mafuriko, ulitumia QGIS na OpenStreetMap, na waliopita mitaani kukusanya data walikuwa pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Ardhi. Muziki una Ardour na Reaper, u-DJ una Mixxx, picha zina GIMP na Inkscape, video zina Kdenlive. Ni zana za kweli, lakini ni za kujifunza upya. Mbunifu wa miaka kumi wa Photoshop anayefungua GIMP kwa mara ya kwanza asitegemee kuipenda wiki hiyo.

Mengine yote yamehamia kwenye kivinjari na hayajali mfumo: ritani za TRA, zabuni za NeST, Ajira Portal, WhatsApp Web, Google Meet. Zoom ina toleo lake la Linux. Teams unaitumia ndani ya kivinjari.

## Printa na Wi-Fi

HP nyingi zinakubali mara moja. Ile LaserJet P1102 iliyojaa maofisini inataka kiongezi cha HP kishushwe kwanza, kwa hiyo iunganishe ukiwa na intaneti. Epson za wino wa kujaza, zile za L, zina draiva zake. Canon LBP2900 ni mateso. Kama ndiyo unayo, hesabu hilo.

Wi-Fi ikigoma, mara nyingi mashine ina kadi ya Broadcom. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, Linux itaipokea papo hapo, kisha fungua Kidhibiti cha Draiva kishushe kinachokosekana. Kisoma alama za vidole sahau, kwenye laptopu nyingi hakifanyi kazi.

## Fundi

Hili watu hawalihesabu, nami naliweka juu ya mengi niliyokwisha kusema. Windows ikikugomea saa mbili usiku Tabata, ndani ya dakika kumi za kutembea kuna mtu anayeijua. Linux ikikugomea, mtu wako yuko kwenye intaneti na anaandika Kiingereza. Kama nyumbani au kazini hakuna hata mmoja anayependa kuchokonoa mambo, hiyo ni hoja nzito ya kubaki.

Na kuna hatari nyingine ambayo hutaisoma kwenye ulinganisho wa Ulaya. Mwalimu mmoja mstaafu, jirani yangu, alikuwa ameizoea Mint vizuri. Kibodi ikafa, akapeleka mashine ibadilishwe. Alipokwenda kuichukua kijana akamkabidhi kwa heshima zote: "Shikamoo mwalimu. Kibodi tayari. Halafu mashine yako ilikuwa imepoteza Windows, nimekupigia mpya. Hiyo sikudai." Diski ilikuwa imefutwa yote. Mitihani aliyokuwa akiitungia shule ya jirani ikaenda na maji, na kijana alidhani kweli amemsaidia. Ukipeleka mashine ya Linux kwa fundi wa vifaa, toa SSD ubaki nayo, au bandika karatasi kwenye mfuniko: USIPIGE WINDOWS. Sitanii.

## Ningemshauri nani nini

Mhasibu, msanifu majengo, mchapaji na mtayarishaji wa muziki wabaki Windows, na kwa kuwa mashine inawaingizia hela, wainunue leseni. Mashine yao iwe ya kizazi cha 8 kwenda juu.

Mzazi au mstaafu anayesoma habari, anayeongea na watoto wake kwa video na kuandika barua mbili tatu, ndiye ambaye Linux inamfaa kuliko wote, ingawa watu hudhani ni kinyume. Hana programu inayomfunga, anachoogopa ni virusi na mashine nzito, na ukishamwekea ikoni tatu kwenye skrini hakuulizi kitu. Sharti ni awepo mtoto, mjukuu au jirani mmoja wa kumpigia simu. Shule yenye chumba cha kompyuta za msaada za mwaka 2013 iko katika hali hiyohiyo, na hapo hata Mint ya Xfce, iliyo nyepesi kuliko ndugu zake, itafanya maajabu.

Mwanachuo yuko katikati. Wa kompyuta ahame leo. Wa uhandisi mwenye AutoCAD aweke mifumo yote miwili kwenye diski moja, akiwasha anachagua. Wa sosholojia anayedaiwa SPSS, programu ya takwimu, aulize kwanza kama idara inakubali PSPP, Jamovi au R.

Mwenye Windows 10 ya fundi kwenye G3 au T470, asiyetumia chochote katika orodha ile ya programu zisizohama, sioni cha kumbakiza huko.

## Jaribu kabla ya kuweka

Linux inaendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na hii Windows haikupi kirahisi. Flashi ya GB 8 inatosha. Liandike faili la Mint humo kwa Rufus, ujue kila kilichokuwamo kwenye flashi kitafutika. Zima mashine, iwashe huku unabonyeza F9 kama ni HP, F12 kama ni Dell au ThinkPad, chagua flashi. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu inasoma USB. Usiihukumu kwa hilo.

Ukiamua kuweka mifumo miwili pamoja, ndani ya Windows fanya mambo mawili kwanza. Zima Fast Startup, la sivyo Windows haijizimi kikamilifu na Linux itaifungua diski yako ya mafaili kwa kusoma tu, hutaweza kuhifadhi kitu. Kisha angalia kama BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data za diski, imewashwa. Kama imewashwa, nakili ufunguo wake wa kurejesha mahali pengine kabla hujagusa lolote. Mafaili yako yawe na nakala kwenye diski ya nje, si kwenye mashine hiyohiyo.

Halafu ukiwa bado kwenye flashi, jaribu vitu vyako: unganisha Wi-Fi, cheza video usikilize sauti, funga mfuniko uone kama inalala na kuamka, chapisha ukurasa mmoja, fungua lile faili lako gumu la Word. Vikipita vyote, bofya ikoni ya kuweka Mint iliyoko kwenye skrini. Kikigoma kimoja usichoweza kuishi bila hicho, zima, chomoa flashi, na Windows yako utaikuta palepale.